Nilivyomthibitishia Mama Mkwe Kwamba Gari Halivuji

Gari langu lilikuwa likivuja kwenye kioo cha nyuma, na kutu ilianza kula ukingo wake. Nikajifanya fundi. Nilikitoa kioo, nikakwangua kutu, nikapaka rangi, nikakirudisha kwa gundi mpya. Muuza gundi wa Ukunda alinionya nisiliguse gari hadi kesho yake gundi ikauke, nikamwona mwoga.

Mama mkwe, niliyekuwa nimpeleke harusini Msambweni siku hiyo hiyo, alikataa kuketi nyuma, maana safari iliyopita buibui lake lilirowa. Nikamwambia mbele ya majirani, “Ingia, mama, ushuhudie mwenyewe.”

Akaingia. Nikamwagia kioo ndoo nzima ya maji. Kioo kikateleza hadi juu ya buti, maji yakammwagikia mama mgongoni.

Akageuka, akanitazama kupitia lile tundu. “Mwanangu,” akasema kwa upole, “nenda kaniitie tuktuk.”