Samaki wa Maziwa Huku Mkolani

Jirani yangu humpikia Mbelgiji mmoja mnunuzi wa samaki. Jumapili alituonjesha chakula cha bosi wake: sangara, viazi na karoti katika mchuzi mweupe mzito. Mama mkwe wa jirani, mfugaji kutoka Magu, alikula hadi akalamba vidole.

"Umeunga kwa karanga?"

"Kwa maziwa, mama."

Mkono ukabaki hewani. "Samaki na maziwa? Mwiko! Kama ni ya ng'ombe wangu, watakauka!"

Jirani akakimbilia jikoni, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Mama akamkagua ng'ombe aliyechorwa pale.

"Huyu anakaa wapi?"

"Ulaya, mama."

Akashusha pumzi, akasogeza sahani. "Basi niongeze."

Nami nikasogeza yangu. Minofu ya ziwa letu inapanda ndege kwenda kwao Ulaya. Na mkosi nao wakaupokee huko huko.