Nyota za Mabegani

Redioni walisema upande wetu uliojitenga ulishindwa vita kwa uhaba wa risasi. Huenda. Lakini mimi nililala chumba kimoja na cherehani ya shangazi, na nina sababu nyingine.

Jimbo letu lilipojitangaza kuwa nchi, shangazi aliletewa majora ya kitambaa cha kijani ashone sare za jeshi jipya. Wiki hiyohiyo mwanawe wa pekee, Kijiti, akajiandikisha uaskari. Kijiti huyuhuyu ambaye akiona panya anapanda kitandani.

Shangazi hakulia. Alimuuliza tu sajini aliyekuja kupimwa, "Eti mstari wa mbele wanakwenda akina nani?"

"Askari wa kawaida, mama. Maofisa wanabaki mjini kupanga vita."

"Na ofisa mnamjuaje?"

"Si nyota begani!"

Jeshi lilikuwa changa, watu hawajajuana. Kijiti alipokuja kujaribu sare akakuta nyota mbili kila bega.

"Mama, hizi si zangu."

"Zako. Nimezishona mwenyewe. Toa kifua nje."

Kesho yake akapigiwa saluti getini, akapewa kiti kwenye kamati ya mipango.

Muuza mkaa, jirani yetu, akaja na shati la mwanawe kikapuni. "Mama Kijiti, na mimi jamani. Moja tu."

Nyuma yake akaja mwingine: "Wangu kifua kinambana. Mpe tatu."

Foleni ikatoka hadi barabarani. Nilikata nyota mpaka mkasi ukanichubua kidole.

Jeshi la serikali ya zamani liliposogea, wetu wakapangwa uwanjani waende kulinda daraja. Kila aliyeambiwa atangulie alimtazama mwenzake begani. Meja akamtuma meja, kanali akamtuma kanali. Akabaki mpishi, ambaye begani hakuwa na kitu ila madoa ya mafuta, naye akasema ameacha sufuria motoni. Daraja likavukwa kama njia ya kwenda sokoni.

Basi askari wa serikali wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakisaka maofisa. Mtaa mzima ukawa unafumua nyuzi. Kijiti akagoma, saluti zilikuwa zimemlevya.

"Mimi ni luteni, mama!"

"Luteni atafungwa. Mwanangu atabaki hapa. Vua!"

Mlango ulipigwa teke Kijiti akiwa na chupi tu. Akaingia askari wao mmoja, kijana, kofia imemzidi kichwa.

"Huyu nani?"

"Mwanangu. Nguo yake moja, nimeifua."

Askari akatazama nyota zilizotapakaa sakafuni. Akamtazama Kijiti, meno yakimgongana. Nikajua basi, ndugu yangu anaondoka. Yule askari akachungulia nje, kisha akanong'ona:

"Mama, kesho wanatupeleka mlimani kuna wabishi wamebaki. Hizi... zinakaa kwenye sare yetu?"

Shangazi akavaa miwani.

"Lete shati. Na ufunge mlango, huyu anapigwa na baridi."