Kanzu Iliyofunga Bahari

Jamani, najua mtacheka, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe kuliko mlione kwenye simu ya mtu: kile kitu cheupe kilichofanya ufukwe mzima wa watu utolewe majini kule Australia, watoto na maboya yao, wazee na kofia zao, kilikuwa ni mimi. Mimi Kassim, fundi viyoyozi wa Greenbelt, huku huku Marekani, mtoto wa Tabora, mtu mzima na ndevu zangu. Mpaka leo nikiwa peke yangu kwenye lifti na ile siku ikanijia, nafunika uso kwa mikono miwili.

Nilikwenda kule kuonwa. Mchumba wangu Rehema anafanya kazi ofisini Arlington, lakini mama yake anaishi na kaka yake Rehema, Bakari, kaskazini mwa Queensland, mji wa joto na minazi, Januari yao ni kama ya Tanga wakati huku sisi tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Baba yao alishafariki, kwa hiyo Bakari ndiye walii (lakini walii naye ana mama yake). Barua ya posa ilishakwenda, mjomba wangu alishapiga simu akamwaga maneno yote matamu aliyonayo, na Mama akajibu kwa sentensi moja tu: “Mimi simwozi binti yangu kwa mtu wa kwenye simu, aje nimwone.” Rehema alitangulia, mimi nikafuata, na kabla sijapanda ndege aliniambia waziwazi kwamba Mama akikataa yeye hatamvunjia mama yake heshima, hata moyo wake upasuke. Nilisafiri na hilo neno kifuani bahari nzima.

Sasa, kosa langu la kwanza nililibeba kutoka huku huku. Ninafanya kazi na Mkongomani mmoja wa Manassas, Mbuyi, mtu mwema sana ila ana ushauri kwa kila kitu, na nilipomwambia naenda ukweni alishusha bisibisi, akanishika bega. “Mon frère,” akasema, “belle-mère, mama mukwe, ni Mungu mudogo. Usimuangalie mu macho, usikule mbele yake, na asione hata goti yako.” Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, ila si kwa kiwango hicho, lakini mtu mwenye hofu hachagui dawa, nikameza yote matatu.

Nikafika. Sanduku langu halikufika. Nilikuwa na mkoba wa mkononi tu, ndani yake kanzu yangu ya posa, nyeupe, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Na ile safari, jamani, sijui niielezeje, unaondoka Ijumaa halafu Jumamosi yote huioni, inapotelea juu ya maji huko, na tangu nilipotua nilikuwa kama mtu anayetembea chini ya shuka, mchana nasinzia, usiku nahesabu mapanga ya feni. Kila asubuhi nilisema “Shikamoo, Mama” huku naangalia sakafu, naye alijibu “Marahaba” tu. Nikamjua kwa miguu. Polisi wangeniuliza mama mkwe wako yukoje, ningewaambia ana hina kwenye vidole na ndara za bluu, basi.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya jibu. Asubuhi Bakari akasema leo tunakula ufukweni, Mama anapenda upepo wa kule, na mimi kusikia “leo” nikaenda kuvaa kanzu na kofia. Rehema akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. “Kassim, tunaenda beach. Watu wanavaa kaptula.” Nikamjibu kwa hekima zote, “Wewe hujui mambo ya wakwe.” (Mtu unamfundisha habari za mama yake mzazi!) Alichofanikiwa ni kunivalisha kaptula ya Bakari kwa ndani, na Bakari ni mtu wa kilo zake, ile kaptula tuliifunga kwa kamba ya kiatu.

Na ule ufukwe ulikuwa mzuri, kusema kweli hapo tu ndipo sina kinyongo. Uko katikati ya mji kabisa, unavuka barabara tu, unakuta nyasi za kijani mpaka kwenye mchanga, minazi, majiko ya kuchomea nyama ambayo mtu yeyote anawasha bure, na bahari imetulia haina hata wimbi la kulowesha kifundo cha mguu, mbele yake kisiwa cha bluu kimekaa kimya. Hakuna anayekimbia wala anayepiga kelele, watoto wanacheza na vindoo, bibi mmoja amelala na gazeti usoni. Ndani ya maji wameweka wavu mkubwa kama uwanja, maana msimu ule baharini kuna konyeza, wale viumbe laini kama jeli wenye nyuzi zinazochoma mpaka mtu anapoteza maisha, kwa hiyo watu wanaogelea ndani ya wavu, na zaidi ya hapo wengi wanavaa suti nyembamba za kubana mwili mzima. Kando kando kuna nguzo zenye chupa za siki za kumwagia aliyechomwa. Niliziona zile chupa nikadhani ni za kachumbari.

Tukala (mimi sikula, kwa maagizo ya Manassas, nikasema nimeshiba, na tumbo likanikanusha hadharani). Mama akapangusa mikono. Nikajua sasa jibu linakuja, na Mama akafungua mdomo akasema, “Kassim baba, nenda nawe kaoge na wenzio. Maji mazuri.”

Hebu niambieni, mngefanya nini? Neno la kwanza mama mkwe analoniambia nje ya marahaba ni agizo, silikatai. Lakini kuvua kanzu mbele yake, kifua wazi, magoti yale, pia haiwezekani. Bakari akanipa suti yake ya kubana, nikaenda nayo chooni, nikaingiza mguu mmoja, nikajiona kwenye kioo, nikautoa. Nikasimama pale nikiwaza kama mkuu wa nchi, na ndipo nikafanya ule uamuzi, mdogo tu, wenye heshima: nitaingia na kanzu.

Rehema alifumba macho. Nikapita mchangani na kanzu yangu, nikaingia taratibu, na maji yalikuwa ya uvuguvugu, mnajua maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndiyo yale. Mimi kuogelea sijui. Ninachojua ni kuelea chali, basi, na nikaelea. Kanzu ikaingia hewa ikavimba pande zote, ikanibeba, masikio yakazama, na dunia ikanyamaza. Juu mbingu tupu. Nikasikia pumzi yangu peke yake, inaingia, inatoka, na kile kisiwa kikawa kinakuja na kuondoka pembeni ya jicho, nikawa sijui tena kama niko Australia, au Tabora, au kwenye ile Jumamosi iliyopotea, nikamwona marehemu mama yangu anaanua nguo na nguo zote ni nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani sikuogopa jibu la mtu yeyote. Nikalala. Ndiyo, majini. Usingizi mtamu kuliko wowote niliowahi kulipia kodi.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye. Binti ya Bakari, Zuu, ana miaka kama sita, alikuwa ameinama anatafuta kome, alipoinua macho akaona kitu kikubwa cheupe kimetuna juu ya maji, kinapumua. Akapiga kelele kwa Kiingereza chao cha kule kwamba kuna konyeza mkubwa kuliko gari. Mama mmoja akamnyakua mwanawe. Mwingine akamnyakua wake. Walinzi wa ufukwe wakapiga king'ora, wakatangaza kwenye kipaza sauti watu wote watoke, na watu wale wakatoka kwa utaratibu, wakajipanga mchangani. Bakari anasema alijua ni mimi tangu mwanzo, ila alishindwa kujua ataanzaje kumweleza mlinzi.

Mimi nikaamka kwa sababu ya ule ukimya. Nikainua kichwa: maji yote yangu, peke yangu, na ufukweni umati umesimama unanitazama mimi tu. Kichwa cha usingizi hicho. Nikaona ni watu wakarimu, wanamsindikiza bwana harusi. Nikapunga mkono.

Kumbe kule ukiinua mkono majini maana yake unakufa.

Vijana wawili wakaja na ubao wao kwa kasi, wakanirusha juu yake kama gunia la mkaa, na katika vuta nikuvute ile kamba ya kiatu ikasalimu amri. Niliisikia kaptula inavyoniaga. Ilipita magotini, ikapita vifundoni, ikazama, na sina hakika kama mpaka leo imeonekana. Basi nikafikishwa mchangani nimevaa kanzu iliyolowa peke yake, imeninata, nimebana miguu na kukamata pindo kwa mikono yote miwili, na wale vijana kuona nimejikunja vile wakajua nimechomwa vibaya. “Wapi? Wapi?” Nikazidi kukaza pindo. Wakaleta siki. Si kidogo, jamani, chupa baada ya chupa, shingoni, mgongoni, machoni, nikanuka achari, na bado wakitaka kunifunua miguu nang'ang'ania, mpaka mmoja akasema ameshaelewa, nimepagawa na maumivu, akatoa mkasi akashika pindo la kanzu.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikamwona Mama kwa mara ya kwanza. Amesimama mbele yangu, ana uso wa Rehema uliozeeka, ameweka mkono mdomoni. Nikaona posa yangu inakatwa na ule mkasi. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo hata muadhini angeiheshimu: “Mama, nakuomba geuka! Sina kitu ndani!”

Hakugeuka. Alivua khanga ya juu, akanitupia kuanzia kiunoni mpaka miguuni, akaichomeka pembeni kama anavyofunikwa mgonjwa, kisha akasimama kati yangu na umati, akanyoosha mikono akawa ukuta. Yule kijana akasogea na mkasi wake. Mama, ambaye Rehema alinihakikishia hajui Kiingereza, akamwonyesha kidole akasema, “No! Mkwe! No!” Kijana hakujua mkwe ni nini lakini alirudisha mkasi.

Nilikaa pale chini ya khanga ya mama mkwe nikalia. Nasema kweli, nililia, na si kwa siki.

Njiani kurudi wakafungua madirisha yote. Rehema alinishika mkono lakini aliangalia nje, na vidole vyake vilikuwa baridi, nikajua naye anasubiri, na kwamba nimempotezea kila kitu kwa goti moja. Mara nikasikia kiti cha mbele kinatikisika. Nikadhani Mama analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, mabega tu, halafu sauti ikaja, akacheka mpaka Bakari akasimamisha gari pembeni, maana na yeye hakuweza tena kuona barabara.

Alipopata pumzi akageuka akanitazama, na mimi nikamtazama, macho kwa macho.

“Siku zote hizi nilidhani unanidharau,” akasema. “Hunitazami, huli chakula changu. Nilishakuja na jibu langu, na lilikuwa hapana.” Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. “Bakari, mwozeni. Lakini mwambieni huyu kijana asiniheshimu tena namna hii, ataniulia mkwe wangu.”

Basi, ndugu zangu, nimeapa mbele yenu: ukweni nitakula nikipewa, nitamtazama mtu usoni, na mkiniona tena majini, niko na kaptula yangu mwenyewe, yenye mpira, magoti nje. Mama anakuja mwezi wa nne kwa harusi. Nitampokea uwanja wa ndege, na nitamkumbatia kabla sijamwamkia, na atakayeniambia si adabu, nitamwambia ni amri ya mwenyewe.