Barafu Kando ya Ekzosi

Kwa nini pikapu yetu ilikuwa nzima Bungoma na mgonjwa Kitale? Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nangoja kazi nyumbani Endebess, na swali hilo lilinikera kuliko barua za waajiri zisizofika.

Ilikuwa pikapu ya zamani, injini ya silinda sita kwa mstari mmoja. Baba aliinunua alipokuwa akifanya biashara Bungoma. Sasa ilibeba maziwa hadi Kitale, ambako kituo cha kupokea maziwa kilifunga mlango saa mbili asubuhi. Siku za ukungu ilikohoa njiani, ikazima. Tukingoja dakika kumi, iliwaka kama haikuwa na neno. Maziwa yalikuwa yamerudishwa mara mbili.

Fundi wa Baba, huko Bungoma, aliikagua mchana wa jua asione kosa. Mimi niliamini anatuchezea ili turudi kumlipa tena.

Ilipozima tena, nilifungua boneti upesi. Bomba linalopeleka hewa na petroli kutoka kabureta hadi kwenye silinda lilikuwa na barafu nyeupe. Upana wa kiganja kimoja tu kando yake, ekzosi, bomba la moshi, ingeweza kunichoma.

"Baba, kuna barafu hapa."

"Ati barafu? Kwa injini? Hiyo ndiyo mlifundishwa huko?" Kisha akagusa, akafunga boneti. "Kesho Bungoma. Kwa fundi, na akishindwa, kwa mnunuzi."

Fundi aliponisikia, alinidondoshea petroli mkononi.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Petroli ikikauka inakula joto. Hapa kwetu joto liko. Kwenu asubuhi hakuna. Ukungu unaganda ndani ya bomba, unaziba; mkingoja, joto la injini linaiyeyusha hiyo barafu."

"Na waliounda gari hawakujua?"

"Walijua, dada. Moto wa ekzosi ulikuwa unapita chini ya hili bomba, unalipasha. Hiyo njia ilizibwa."

"Na nani?"

"Si fundi ni mimi?"

"Basi ni wewe umetumwagia maziwa!"

Baba, aliyekuwa akichunguza tairi, aliuliza kama kuna chai.

Njia ya zamani haikuzibuka. Bamba lililoiziba lilikuwa limeshikana na chuma. Fundi alikaza kisanduku cha chuma chini ya bomba, akapitisha ndani yake maji moto ya injini kwa hosi mbili. Baba akawa anaiwasha pikapu kabla hatujamaliza kukamua, ipate moto.

Asubuhi ya kwanza ya ukungu, vijiji vyote vilipita bila kikohozi. Kituoni nililigusa bomba: vuguvugu, kama kikombe cha chai. Mlango ulikuwa wazi. Baba hakuiuza.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu habari za fundi aliyeharibu gari kisha akasifiwa kwa kulitengeneza. Baba alisikia, akaendelea kula. Hadi siku moja, nikiisimulia tena mezani, aliweka kijiko chini, akakiri. Bungoma, kwenye joto, moto wa njia ile ulikuwa ukichemsha petroli ndani ya kabureta, gari likizima. Yeye ndiye aliyeagiza njia ile izibwe. Fundi alikuwa amekataa mara mbili.