Nilivyolima Santuri Tatu za Mwaka Mzima

Niliposema nataka kuandika aibu hii, mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini, kwa hivyo mjue hata nyumbani kwangu haijaisha. Mimi niliacha shule darasa la pili, lakini nyumba ya mabati pale Keumbu niliijenga kwa ngozi za ng'ombe nilizonunua machinjioni na kuuza mjini, bila baba kunishika mkono, na nawaambia mapema ili msifikiri aliyeaibika siku ile alikuwa mjinga tu.

Kilichonimaliza ni wivu. Kulikuwa na karani wa korti pale Kisii, anaitwa Ogeto, kijana wa Manga mwenye suruali pana miguuni na tai shingoni, na huyo alijifanya jaji wa muziki wa magitaa makali, ule wa Wazungu wenye nywele ndefu, ambao miaka ile ya sabini ulitufikia kwa santuri kubwa kwenye duka la Mhindi mmoja tuliyemwita Kanji. Kila Jumamosi Ogeto anaegemea kaunta na kukata hukumu: hii ya mwaka huu ina nguvu, hii wamerudia ya mwaka jana, huyu mpiga ngoma amechoka angepumzishwa. Na watu wanasikiliza! Kwenye veranda ya Kanji alikaa Kerubo na cherehani yake, msichana ambaye watu wetu walikuwa wameshapeleka neno kwao kwa ajili yangu. Ogeto akifungua mdomo, cherehani inasimama. Mimi nikiongea, hata nikiongea kwa nguvu, cherehani inaendelea tu, trrrrr, kana kwamba ni mvua imepita.

Basi siku moja nikaingia pale, Ogeto yuko, Kerubo yuko, nikasema nipewe santuri zote tatu za magitaa zilizokuja mwaka ule.

"Sikiliza kwanza, bwana," Kanji akaniambia. "Mashine iko hapa. Ukibeba, kurudisha hapana."

"Mwanaume haonji uji wa jirani. Funga."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa neno moja la majivuno, kwa sababu ningesikiliza dakika mbili tu pale kaunta nisingekuwa na mkasa wa kuandika leo.

Nyumbani nilikuwa na gramafoni. Nilikuwa nimeinunua kwa mzungu wa Nyansiongo alipokuwa akiuza vitu vyake aende kwao wakati mashamba yale yanagawanywa, ile ya kuzungusha kwa mkono, yenye sindano ya chuma kama msumari (na mimi ndiye mtu wa kwanza Keumbu kuwa nayo, ulizeni). Nikaweka ya kwanza, yenye picha ya nyumba inaungua. Nikaweka ya pili, yenye farasi mweusi. Nikaweka ya tatu, ya wanaume wanne wamesimama kwenye machimbo ya mawe. Jamani! Waimbaji walilia kama vifaranga walioona mwewe, gitaa lilikimbia kama mwizi, na chini ya yote kulikuwa na mngurumo, kama mashine ya kusaga posho iliyomeza changarawe. Nikajiambia, kumbe ndiyo haya makali yenyewe! Nikazipiga kila jioni wiki nyingi, na mngurumo ukawa unazidi kila siku, na mimi nikafurahi nikidhani santuri zinaiva.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, watu wamerudi kutoka Nairobi na mji umejaa, Kanji akatoa spika kwenye veranda kama alivyozoea, ili wapenzi wa muziki waseme santuri gani imeshinda mwaka. Ogeto akachagua ile ya farasi. Akasema wimbo wa mwisho ni mzito, unatembea polepole kama watu waliobeba jeneza, na mwimbaji ana sauti ya kifuani. Cherehani ikasimama. Roho yangu ikawaka.

"Polepole?" nikapaza sauti. "Karani, ulisikiliza kwa masikio au kwa tai? Yule mwimbaji ni katoto, kana haraka kama kamekanyaga siafu! Na ule mngurumo mbona husemi?"

"Mngurumo gani?" Ogeto akauliza.

"Mnamsikia? Hajui hata mngurumo! Kanji, weka yangu."

Nilikuwa nimeibeba kwapani, nimeifunga kwa gazeti. Kanji akaitoa, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza, akavua miwani.

"Bwana, nani amelima hii?"

Watu wakaanza kucheka. Akaiweka hivyo hivyo. Kukatoka mkwaruzo, halafu mkwaruzo mwingine, halafu mbali sana chini, kama mtu aliyeanguka kisimani, sauti ya mwanaume mzima, nzito, anaimba polepole. Ya kifuani. Ogeto akaniuliza kwa upole (upole ndio uliniua), "Ndugu yangu, nyumbani una mashine gani?" Na mimi, kwa kuwa sijawahi kuionea haya mali yangu, nikajibu kwa kifua mbele, "Ya mzungu! Ya mkono, sindano ya chuma!"

Kumbe mashine ile huzunguka zaidi ya mara mbili ya mwendo wa santuri hizi, na ile sindano huzitafuna. Mngurumo niliousifu wiki zote zile ulikuwa santuri zangu zikifa. Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo, na kwa mara ya kwanza cherehani ikasimama kwa ajili yangu, Kerubo ameficha uso kwenye kitambaa, mabega yanatikisika. Ningeondoka. Lakini nikasema, "Basi nyinyi endeleeni na za polepole!" wakacheka upya.

Sikujua kwamba mama mmoja pale verandani mwenye kikapu cha ndizi, aliyekuwa akiangalia viatu vyangu tangu asubuhi, alikuwa shangazi yake Kerubo, na ndiye esigani, yaani mtu wa kati anayemchunguza mchumba kabla ng'ombe hawajasemwa. Esigani hajitangazi. Baada ya Krismasi jibu likamfikia mama yangu: "Kijana ana mabati na ana nguvu. Lakini ugali ukiungua atawaambia wageni ndivyo unavyopikwa. Tumekataa."

Kerubo aliolewa Manga, kwa Ogeto. Mimi baadaye nilinunua mashine ya betri na santuri mpya ya farasi, nikasikiliza peke yangu, na karani alikuwa amesema kweli, inaniuma kuandika hivyo (ile ya machimbo ya mawe, lakini, kwa gramafoni yangu ilikuwa tamu zaidi, na hapo sibadiliki). Nimeapa sitasifu tena kitu changu mbele za watu kabla sijakisikia kwa mashine ya mwingine.

Ila nikipita Manga kununua ngozi, hupunguza mwendo karibu na boma la Ogeto. Santuri inapigwa, Ogeto anaeleza, bado anaeleza, na ndani nasikia cherehani, trrrrr, haisimami. Haisimami hata kidogo. Hapo mimi hupanda kilima cha Manga kama kijana.