Mashua ya Baba Kwenye Bwawa la Chai

Asubuhi, ukungu ulipolala juu ya bwawa, mashua ya baba haikuonekana kuelea juu ya chochote. Ulionekana mlingoti tu, nguo za mama zikiwa zimeanikwa kwenye kamba yake, na moshi wa jiko ukipanda polepole. Kisha king'ora cha kiwanda kililia, ukungu ukaanza kupasuka, na vilima vya chai vikatokea kimoja baada ya kingine, kana kwamba Mungu alikuwa akiviumba upya mbele yetu.

Baba yangu, Alfayo Ooko, alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha chai upande wa Kiptere. Alitoka kwao kando ya ziwa akiwa kijana, akapanda huku milimani kutafuta kazi, akazeekea huku. Bwawa lilichimbwa na kampuni zamani ili kiwanda kipate maji. Mameneja Wazungu wa wakati huo walijenga gati la mbao, wakaleta mashua ndogo za tanga za kuchezea Jumapili. Walipoondoka, mashua zikaoza, isipokuwa moja ambayo baba alizoea kuitengeneza. Mzungu mwenye mashua hiyo alimwachia. Ilikuwa na chumba kidogo chini, mlango wa kuingia kwa kuinama, na vitanda viwili vyembamba. Baba aliweka ubao katikati akavifanya kimoja.

Alipostaafu mwaka 1993, alitakiwa kurudisha nyumba ya kampuni kule laini, wanakokaa wafanyakazi. Watu walidhani angerudi kwao. Lakini kwetu ndugu mdogo haanzishi boma lake kabla ya kaka yake kuanzisha lake, na boma halianzishwi bila mke. Kaka yake baba, Ogari, alikuwa amefiwa na mke kabla hajajenga na hakuwa ameoa tena. Baba aliweza kujenga kwa mikono yake mwenyewe, ila hakuwa na ruhusa. Wenzake kanisani walimwambia Mkristo hafungwi na mambo hayo. Akawajibu kwamba Mungu amemwagiza awaheshimu wakubwa wake, na Ogari ni mkubwa wake.

Kwa hiyo wakahamia mashuani, yeye na mama yangu, Jerusa. Meneja mpya, Bwana Kiptum, alikuja gatini akawatazama.

"Mzee, nyumba ya kampuni umetoa, asante. Hii ya majini haiko kwa vitabu vyangu. Kaa tu. Lakini ikizama usinitumie barua."

Maisha yao yalikuwa ya taratibu. Waliamka, wakaomba, mama akapika chai gatini kwa sababu moshi haukuvumilika ndani. Sukuma wiki ilikua kwenye mikebe ukingoni. Mchana harufu ya chai inayokaushwa ilishuka kutoka kiwandani ikatanda juu ya maji, na baba akasinzia akiwa ameshika kamba anayoisokota. Mvua ya mawe ilipopiga, walijifungia ndani wakaimba nyimbo za kanisa bila kusikiana. Siku nyingine alipandisha tanga akavuka hadi upande wa pili akarudi. Mama hakupanda kwenda popote. Alisema anaishi ndani ya mashua, hasafiri nayo.

Jirani yao Chepkurui, Mkipsigis mwenye ng'ombe kilimani juu ya bwawa, aliwaletea maziwa.

"Nyinyi watu wa ziwa ni vituko," alimwambia mama. "Milima yote hii ni nchi kavu, na bado mmetafuta maji mkalala juu yake."

"Toa maziwa uache maneno, Chepkurui. Hata ng'ombe zako zimechoka kukusikiliza."

"Zinanisikiliza ndiyo maana zina maziwa. Wewe jaribu kukamua hiyo mashua."

Baba mkubwa Ogari alikuja kututembelea mara kwa mara. Alikaa gatini akiwa amevua viatu, na baba akaanza.

"Kaka, oa. Mimi nazeeka."

"Mke si kitunguu, Alfayo, kwamba niende sokoni nirudi naye. Wa kwanza niliyeonyeshwa anaongea sana. Wa pili haongei kabisa."

Mama akasema kutoka ndani, "Na wewe shemeji, wamekukataa wangapi?"

Baba alicheka hadi mashua ikatikisika. Lakini Ogari alipoondoka, mama hakucheka. Nilikuwa nimekaa nao jioni moja alipomwambia baba waziwazi, akimwita kwa jina langu.

"Baba Ojwang, ukifa leo watanipeleka wapi? Watajenga kibanda cha haraka kwa sababu ya jeneza, na mimi nilale humo kama mgeni. Nitakulilia mlangoni pa nani?"

"Mungu anajua tuko hapa, Jerusa."

"Mungu anajua. Watu wa kwenu ndio hawajui."

Alilitaka jambo hilo moja tu, mlango wake nyumbani kwa mumewe, naye akiwa hai.

Mwaka 1996 Ogari alioa, akajenga. Alikuja mwenyewe na mke wake mpya kutuambia. "Njia yako iko wazi. Nimekuchagulia mahali pako. Njoo."

Baba alishukuru, akayatazama maji, akasema atakuja mvua zikipungua. Zikapungua, hakwenda. Alipata sababu: tanga limechanika, mbao zinahitaji rangi. Kisha siku moja baba alianguka gatini akiwa amebeba ndoo. Tulimpeleka hospitali ya misheni Kaplong, na daktari akatuambia moyo umechoka, asiinue kitu tena.

Tuliporudi, mama alianza kufunga vyombo. Baba akaweka mkono juu ya sufuria.

"Nikishuka hapa nitakuwa mgonjwa. Hapa mimi ni mwenye nyumba."

Mama alikunja blanketi lake polepole, akalilaza juu ya magoti yake.

"Basi twende na nyumba," akasema.

Bwana Kiptum alitupatia trekta na trela la kuni za boila. Aliposikia shida yetu alitingisha kichwa, akasema hajawahi kuona mtu anayehama kikamilifu namna hiyo. Vijana wa laini waliulaza mlingoti, wakaivuta mashua juu ya magogo hadi ikakaa kwenye trela. Baba alikataa kukaa na dereva. Alikaa mashuani, juu ya godoro, jogoo mapajani. Mama alibeba moto kwenye chungu, na mimi shoka, kama mila inavyotaka mtu anapokwenda kuanzisha boma.

Tulipita katikati ya mashamba ya chai polepole sana. Michai ilificha trela na magurudumu, na aliyetazama kutoka mbali aliona mashua inapita juu ya kijani. Wachumaji walisimama na vikapu mgongoni. Baba alishika usukani ambao haukuongoza kitu, akainamisha kichwa kuwasalimu. Chepkurui alitembea pembeni yetu akiwa na kibuyu chake cha maziwa hadi barabara kuu.

"Jerusa, huko chini uwaambie hata sisi wa milimani tunajua kusindikiza meli," akasema, akageuka haraka.

Tukashuka. Baridi ikabaki nyuma, udongo ukawa mweusi, na baba akafumba macho akanusa.

Wazee wa kwetu walikuwa wanangoja mahali alipopachagua Ogari. Mmoja akasema hii si nyumba, nyumba hujengwa siku hiyo hiyo ya kuanzisha boma, haiji imepakiwa. Baba akamtazama kaka yake. Mama alikuwa ameshika chungu kwa mikono miwili.

"Ojwang," Ogari akaniita, "shoka lako linafanya kazi?"

"Linafanya."

"Kata nguzo."

Nilikata, wengine wakachimba, tukasimamisha nguzo nzito na kuiinua mashua juu ya nguzo hizo kabla jua halijazama. Mama akawasha moto mbele ya mlango. Ogari akawageukia wazee. "Asubuhi palikuwa na majani tu. Sasa pana mlango, pana moto, na mtu na mkewe watalala hapa. Mnapaitaje?"

Yule mzee akasogea kuota moto. Jogoo alifunguliwa, akazunguka akidonoa.

Baba aliishi hapo miezi michache. Alisema usiku aliisikia mashua ikitembea, na nilimwamini. Bwana alimchukua asubuhi moja mwezi wa Machi, mwaka 1997, baada ya maombi, kichwa chake kikiwa kwenye mkono wa mama. Kila nikianza kuomba, naanza kwa sauti yake.

Kwetu mume huzikwa upande wa kulia wa nyumba. Wachimbaji walizunguka mashua mara mbili na majembe yao, wakabishana kulia ni wapi. Mama akatoka kwa kuinama, akasimama mlangoni pake akitazama nje, akanyoosha mkono wa kulia. Wakachimba hapo.