Nilijisifu nimepita JKT, nikaenda kuaibika range ya bastola hapa Louisville

Wakuu, mashikamoo kwa wakubwa, wengine mambo vipi. Kama una kitu jikoni, zima jiko kwanza. Sitaongeza chumvi, na aibu yangu sitaificha.

Naishi Newburg, Louisville, hapa Marekani. Mume, watoto wawili, na kazi ya kuhudumia wazee majumbani.

Kuna bibi mmoja namhudumia, ananiita binti yake, nami nampenda kweli. Shida ni parking ya jengo lake. Kuna mwanaume alinifuata pale mara mbili, mchana kweupe. Mara ya pili akaushika mlango wa gari langu. Nilipiga yowe, akatimua mbio.

Nikamsimulia mume wangu, Baba Nasri. Akasema, "Kazi hiyo basi. Acha."

Nikamwambia siachi. Nitajifunza bastola, nipate kibali cha kuibeba kihalali.

Wakuu, alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Wewe unayepanda kitandani ukiona panya?"

Nikapandwa na hasira. "Mimi nimepita JKT!"

Tukakubaliana: nikifaulu mtihani wa kulenga shabaha, kazi naendelea nayo. Nikifeli, naacha. Kesho yake nikakuta juu ya friji barua ya kuacha kazi, kaichapa mwenyewe, bado saini yangu tu. Iliniuma sana ile barua.

(Sasa ukweli kuhusu JKT: nilienda huko Jeshi la Kujenga Taifa baada ya form six, nikapiga risasi chache za bunduki ya SMG, na mpaka leo sijui zilitua wapi.)

Jumamosi ya kwanza nikamwomba jirani yangu Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu, anisindikize range, pale wanapofundishia kulenga shabaha. Tulipofika akagoma kushuka.

"Hapana, dada. Miye masasi nilisikiaka kwetu, inatosha. Nitabakia mu motokari."

Masasi kwao ni risasi; hapo sikuwa na utani. Nikamshika mkono, nikaingia peke yangu.

Ndani instructor ni mzee wa Kizungu, ndevu nyeupe, mpole. Tukavaa vizuia kelele, tukapanga mstari. Akapaza sauti kwamba tujiandae.

Wakuu, mwili wangu ukakumbuka kambi. Nikajitupa chini, kifudifudi, viwiko sakafuni!

Kule JKT tulikuwa tunapiga tumelala. Nani aliniambia bastola hupigwa umesimama?

Mzee akaja mbio akidhani nimezimia, akaniuliza kama niko salama. Nami kwa sauti ya kuruta nikajibu, "Ndiyo, afande!"

Range nzima ikaangua kicheko.

Niliposimama risasi zangu zote zilikwenda chini. Nikailaumu bastola. Yule mzee hakubishana, akachanganya risasi za bandia na zangu za kweli bila kunionyesha. Nikavuta kifyatulio, haikulia, lakini mdomo wa bastola ukainama wenyewe. Kumbe naogopa mlio kabla haujatoka, na kifyatulio nakibonyeza kama kengele ya mlangoni.

Nilirudi kila Jumamosi kwa wiki sita. Nyumbani nilifanya mazoezi ya kushika na rimoti ya TV: mikono miwili, pumua, kidole taratibu. Baba Nasri anatazama mpira, kila dakika "Mama Nasri, rudisha rimoti."

Darasani tulifundishwa pia kitu ambacho sikukitarajia: kwanza ondoka. Rudi ndani, piga simu, piga kelele. Bastola ni ya mwisho kabisa.

Siku ya mtihani, risasi ishirini. Kufaulu ni kumi na moja ziingie kwenye shabaha.

Nimeshasimama kwenye mstari, nageuka, namwona Baba Nasri nyuma ya kioo. Hakuniambia kama anakuja!

Nikamkumbuka bibi yangu wa kazini. Nikaikumbuka ile barua. Nikapumua.

Moja. Mbili. Tatu. Sikutazama karatasi mpaka mwisho.

Mzee akaivuta, akahesabu, akahesabu tena. Ishirini. ZOTE, wakuu! Nikampigia saluti, safari hii kwa makusudi.

Nje Mama Neema, aliyenisubiri tena garini, alipoiona karatasi akapiga vigelegele parking nzima. "Bon, bwana yako atasema nini sasa?"

Tulipofika nyumbani bwana akaenda moja kwa moja kwenye friji, akashusha ile barua, akaichana vipande vipande. Pale pale akabandika karatasi yangu yenye matundu.

Jumatatu nilikwenda kwa bibi yangu nikitembea kifua mbele.

Nilichojifunza: usijisifu kwa ujuzi wa zamani, kubali kuanza upya. Na mlioko majimbo mengine, Columbus na Buffalo, sheria za kwenu ni nyingine, ulizeni huko huko kabla hamjashika kitu.

Haya, waliopita JKT mnicheke, ila nanyi semeni za kwenu. Wenye waume wabishi pia karibuni.

Ah, jana wangu kaniuliza, kwa sauti ya chini, darasa jingine linaanza lini. Nimemwelekeza vizuri kabisa. Nimemwambia siku ya kwanza huwa ni tofauti na mtihani: instructor akisema jiandaeni, yeye alale chini haraka.

Hajui lolote. Naomba msimwambie.